Sikio la mzee na lenzi ya f/1.2

Picha inayoniuma kuliko zote nilizowahi kupiga ni ya sikio. Sikio la mzee mmoja wa barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, limekaa kwenye negativu kama limechorwa kwa sindano: mikunjo yote inahesabika, nywele za pembeni moja moja, hata kijikovu cha utotoni. Macho, ambayo ndiyo niliyoyalenga, yameyeyuka kama samli iliyosahauliwa juani. Na ilikuwa sekunde ya aina ile isiyorudi, mzee kainua dhumna yake ya mwisho juu kabisa, anacheka kabla hajaibamiza mezani, maana yeye anajua na wenzake wanajua kwamba mchezo umekwisha.

Lenzi ilikuwa ya milimita 50 yenye tundu la kuingizia mwanga la f/1.2; namba hiyo ikiwa ndogo, tundu ni pana. Niliisubiri miezi minne, na nililipa fedha ambayo mke wangu mpaka leo anaijua nusu tu.

Lakini sikuingia huku kwa kununua. Mjomba wangu alisoma Urusi enzi za Usovieti, akarudi na shahada, koti zito ambalo Tanga halina kazi nalo, na kamera ya Zorki-4 yenye lenzi ya Jupiter-8, f/2. Koti liliishia kuwa kitanda cha paka. Kamera alinipa mimi, pamoja na onyo moja ambalo alilirudia kila tulipoonana mpaka Mungu alipomchukua: "Vuta mkanda kwanza, ndipo uchague spidi. Ukigeuza kabla hujavuta utaivunja ndani, na Tanga hii utampelekea nani?"

Kwa asiyezijua, kamera hizi za renjifainda hazina kioo cha ndani kinachonyanyuka unapopiga. Hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha cha pembeni, na katikati ya kidirisha hicho pana kiraka ambamo kila kitu kinaonekana mara mbili, kama vile umepata makengeza ghafla. Unazungusha lenzi, kile kivuli kinatembea mpaka kinamkalia mwenzake, na vikishakuwa kitu kimoja fokasi imepatikana, yaani ulicholenga kitatoka wazi pichani. Utamu wake ni kwamba kidirisha hakifanyi giza usiku, kamera haipigi kelele, na uso wa unayempiga haupotei machoni hata shata, yale mapazia yanayoachia mwanga ufike kwenye filamu, inapofunguka. Ubaya wake niliuelewa baadaye sana: kamera inakuonyesha inachoamini, wala haina njia ya kujua lenzi inaona nini.

Ubaya mwingine niliuelewa mapema. Siku moja niko mwalo wa Deep Sea asubuhi, nikaiweka Zorki juu ya ukingo wa mashua, lenzi imeangalia juu, tundu wazi, kifuniko mfukoni mwangu, nikaenda kupatana bei ya changu. Dakika chache tu. Mapazia ya shata ya Zorki ni ya kitambaa, na hakuna kioo cha ndani cha kuyakinga, kwa hiyo lenzi ikalikusanya jua kama tulivyokuwa tukichoma karatasi kwa miwani ya babu. Mkanda uliofuata ulikuwa na kidoa cheupe kila picha, mahali palepale, kama mtu kapita na sigara. Aliyeniokoa ni fundi viatu wa jirani: gundi ya mpira, masizi kidogo, tone moja kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Kidoa hakijarudi mpaka leo. Tangu hapo lenzi yangu yoyote ikiwa haipo jichoni ina kifuniko, au imetazama chini.

Sasa hilo baraza. Ni mabenchi mawili na meza ya dhumna, nje ya kibanda cha kinyozi. Baada ya isha muuza kahawa anatua jiko lake na mdila, kashata ziko kwenye sinia, vikombe vinagongana ndani ya kibeseni cha maji. Mwanga ni balbu moja ya kinyozi iliyoning'inizwa mlangoni, na wekundu wa makaa, ambao kwa macho ni mzuri lakini kwa filamu ni kama haupo. Flashi haitumiki. Hakuna aliyeikataza kwa maneno, ila usiku nilioiwasha watu watatu walinyanyuka wakasema wanawahi kulala.

Filamu yangu ni Ilford HP5, ambayo kiwandani imepangwa kwa 400 (namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga), mimi naipiga kama 1600 na kuisafisha kwa muda mrefu zaidi. (Naisafishia bafuni. Dawa inatakiwa iwe nyuzi 20, maji ya bomba Tanga hayajawahi kuzisikia nyuzi 20 tangu yaumbwe, kwa hiyo nanunua barafu za pakiti kwa jirani na kujaza beseni zima. Jirani anaamini nauza juisi.) Kwa 1600, chini ya balbu ya kinyozi, Jupiter-8 ikiwa wazi kabisa inanipa sehemu ya 30 ya sekunde. Kwa mtu aliyetulia inatosha. Kwa mkono unaoshuka na dhumna haitoshi, mkono unakuwa moshi.

Nilichohitaji, nikiwa mkweli, ni hatua moja tu ya mwanga, nitoke 1/30 niende 1/60. Hatua moja kutoka f/2 ni f/1.4. Hesabu yenyewe rahisi: gawa milimita 50 kwa hiyo namba unapata upana wa tundu. F/2 ni milimita 25, unazidiwa kidogo na kizibo cha soda. F/1.4 ni kama milimita 36, na mwanga unaopita ni maradufu. F/1.2 ni kama milimita 42, na juu ya f/1.4 inaongeza theluthi na ushei basi. Hesabu hii niliijua. Lakini nani anatamani f/1.4 akishasikia kuna f/1.2? Hata Canon waliwahi kutengeneza f/0.95, walioitoa mwaka 1961 pamoja na kamera yao ya Canon 7, na Leica walikuwa na Noctilux ya f/1.2 tangu 1966. Nilizisoma hizo habari usiku kama mtoto anayesoma habari za majini.

Mpwa wangu anaagiza spea za magari Japani. Nikamwomba atafute na yangu. Ikaja Canon P, kamera iliyotoka mwaka 1959, ina mapazia ya shata ya chuma (hilo nililisisitiza, baada ya yaliyonikuta Deep Sea), na lenzi ya Canon 50 f/1.2 ya skrubu ya milimita 39, uzi uleule wa Zorki na wa Leica za zamani. Maelezo ya muuzaji yalisema kuna ukungu kidogo ndani, hauathiri picha. Mpwa akanitafsiria kwa lugha ya biashara yake: "Mjomba, ni kama wanaposema gari ina mkwaruzo kidogo."

Nilipoipokea niliwasha tochi ya simu nikaipitisha kutoka nyuma ya lenzi. Kioo kimoja cha ndani kilikuwa kama dirisha la jikoni. Lenzi hizi za zamani grisi yake inakuwa kama inapanda hewani polepole na kutua juu ya vioo vya karibu na tundu, na miaka sitini ni mingi. Mchana huoni kitu. Usiku, balbu ya kinyozi ilivaa duara la nuru kama picha za watakatifu, na weusi wote ukageuka kijivu. Fundi mmoja Dar aliifungua akaisafisha, ikapona kwa kiasi, akanionya pia nisiiweke kwenye mfuko wa ngozi. Masika ya kwetu fangasi wanaota hata kwenye mkanda wa suruali; ngozi inatunza unyevu na lenzi inaumwa humo humo. Siku hizi zangu zinalala ndani ya debe la biskuti, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikichoka navianika.

Basi lenzi imepona, nikampiga mzee, nikapata sikio.

Nilidhani kosa ni la macho yangu. Nikapiga tena, na tena. Katika kila picha kumi za karibu, moja au mbili ndizo zilizokaa. Ndipo siku moja mchana baraza likiwa tupu nikaziazima zile dhumna. Nilizisimamisha juu ya benchi kwa mshazari, moja nyuma ya nyingine, nafasi ya sentimita mbili kati yake, ile ya sita kwa sita nikaiweka katikati. Nikakaa mita moja, nikalenga sita kwa sita, tundu wazi kabisa, nikapiga. Nikarudia mara tano, kila mara nikianza fokasi upya. Nilipoitazama negativu kwa kioo cha kukuzia, iliyokaa vizuri mara zote tano ilikuwa dhumna ya pili nyuma yake. Jicho linalokosea hukosea ovyo, mara mbele, mara nyuma. Hili lilikosea kwa utaratibu kabisa. Kamera ilikuwa inadanganya.

Nikaenda Raskazone jioni, nikatazama meli zilizotia nanga nje, nikazungusha lenzi mpaka mwisho wake. Kwa umbali ule mlingoti ulitakiwa uwe mmoja ndani ya kiraka. Ilikuwa miwili, imekaribiana kama pacha. Fundi saa mmoja mjini, mtu ambaye hajawahi kushika kamera ya aina hiyo lakini anaheshimu skrubu ndogo, alifungua kifuniko cha juu, akaigusa skrubu moja kidogo mno, tukatoka nje kutazama mnara wa simu wa mbali, tukarudi, akaigusa tena. Tulitoka na kurudi mara saba. Baada ya hapo sita kwa sita ikakaa.

Mtu ukimwambia unataka lenzi ya tundu pana kwa kamera ya renjifainda, atakuuliza bajeti. Mimi nauliza kwanza kama umeipima kamera. Lenzi ya f/2 inasamehe kamera iliyopinda kidogo, na ndiyo sababu Zorki ya mjomba ilinilea miaka yote bila ugomvi. F/1.2 haisamehi kitu, na itakufanya uilaumu lenzi, kisha uyalaumu macho, kisha umlaumu mzee kwa kucheka.

Katika kuhangaika huko niliifunga Jupiter-8 ya mjomba kwenye Canon, nyuzi zikaingia vizuri kabisa. Meli ya mbali ikakaa sawa. Dhumna za mita moja zikakataa. Hili linajulikana kwa wanaozitumia: Warusi walichukua uzi wa Leica, lakini lenzi zao walizipima kwa kipimo cha Contax, kamera nyingine ya Wajerumani, na tofauti ile ndogo inajificha mbali na kujitokeza karibu, hasa tundu likiwa wazi. Nikairudisha kwa mwenzake Zorki, wakaelewana.

Na Jupiter-8 ina ukoo mkubwa kuliko inavyoonekana. Rafiki yangu wa Dar alikuja Idi na Leica M6 yenye Zeiss C Sonnar ya f/1.5, akaniachia siku mbili. Sonnar ni mchoro wa Ludwig Bertele wa miaka ya 1930, na Jupiter-8 ni mchoro huohuo uliohamia Usovieti baada ya vita. Kwa hiyo lenzi ya mjomba, iliyochakaa rangi, na hii inayong'aa ya bei ya pikipiki, ni watoto wa nyumba moja. Picha zake zina ulaini fulani kwenye nyuso za watu wazima ambao siwezi kuueleza, na nisingetaka kuurekebisha. Lakini ina tabia: fokasi yake inahama unapofunga tundu. Za mwanzo zilipangwa zikae sawa kwenye f/2.8, ukifungua hadi f/1.5 na upo karibu, fokasi inakuja mbele kidogo ya ulipolenga. Rafiki yangu amejifunza kuinama mbele nywele moja kabla ya kubonyeza. Anasema imeshakuwa kama kuendesha gari lenye usukani unaovuta kushoto. Nilijaribu, nikapata ncha ya pua ya muuza kahawa. Nilimrudishia lenzi yake kwa shukrani.

Hata baada ya kamera kunyooka, f/1.2 ilinipa picha tatu nzuri kwa kumi. Nafuu, lakini bado. Nikachukua kalamu. Kwa mita moja, lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.2 inakupa takriban sentimita tatu za kitu kuonekana wazi, mbele na nyuma zikijumlishwa. Kwenye f/1.4 ni kama tatu na nusu. Kwenye f/2 karibu tano. Sasa jipime: kaa kwenye benchi, shika kamera, vuta pumzi, bonyeza. Katikati ya kuona kiraka kimekutana na kubonyeza, kichwa chako peke yake kimeshayumba sentimita moja au mbili, na mzee anayeegemea kupokea kikombe amesogea kumi. Hakuna fundi saa wa kukutibu hilo. Zaidi ya hayo pipa lile la f/1.2 lilikuwa linaziba kona ya chini ya kidirisha, na kona hiyo ndipo mkono wenye dhumna unapokuja.

Niliiuza. Aliyeinunua anapiga maua, na maua hayanywi kahawa. Mpwa akaniletea Canon 50 f/1.4 ya miaka hiyohiyo ya 1950, nyepesi zaidi, haizibi sana, vioo safi nilivyovikagua kwa tochi kwenye video kabla ya kulipa. Kero yake ni kwamba kichujio chake ni cha milimita 48, ukubwa ambao madukani hauupati, kwa hiyo inatembea uso wazi na mimi natembea na kitambaa.

Lakini kilichobadilisha picha zangu hasa hakikuwa hicho. Katika ile hesabu ya kalamu kulikuwa na mstari ambao niliupita mara ya kwanza. Ukifunga tundu kutoka f/1.4 hadi f/2, zile sentimita zinaongezeka kwa chini ya nusu tu, na unapoteza nusu ya mwanga. Ukitoka mita moja kwenda mita mbili, sentimita zinakuwa mara nne, na mwanga hupotezi hata chembe, kwa sababu balbu inammulika mzee vilevile uwe umekaa karibu naye au mbali. F/1.4 kwa mita mbili ni kama sentimita 13. Uso mzima unaingia humo, kutoka pua mpaka sikio, na bado jiko na ukuta wa nyuma vinayeyuka. Nilikuwa nimetumia miezi na fedha kutafuta kwenye lenzi kitu kilichokuwa kwenye benchi la pili.

Si bure, maana mtu anakuwa mdogo kwenye fremu, na chembe za HP5 ya 1600 zinaonekana zaidi ukikuza. Kwangu ni biashara nzuri. Na nimegundua kwa umbali ule naingiza watu wawili, mchezaji na mwenzake anayejua ameshindwa, na sura ya aliyeshindwa mara nyingi ndiyo picha.

Ukiniuliza leo ununue ipi, nitakuuliza unakaa wapi. Kama watu wako wametulia na unakaa karibu, f/2 ni rafiki wa kweli, na bei yake inakuachia ya mikanda. Kama wanacheza, wanacheka, na taa ni ya kinyozi, f/1.4 au f/1.5 isiyohamisha fokasi, halafu rudi nyuma hatua mbili. Zile za f/1.2 na zaidi mwachie mwenye kamera ambayo renjifainda yake inapima fokasi kwa usahihi zaidi, kama Leica M3, mkono wa fundi saa, na mtu wa kumpiga aliyelala.

Kwa hiyo nimehama. Nakaa kwenye ngazi ya kinyozi, upande wa pili, mgongo ukutani. Juzi mzee mwenye sikio akanyanyua macho kutoka kwenye dhumna zake.

"Mwanangu, mbona siku hizi unatukimbia? Tumekukosea?"

"La hasha, mzee. Ni mambo ya lenzi."

"Lenzi gani hiyo inayomchukia mtu?" Wakacheka wote, na nilipiga hapo hapo, 1/60, ikakaa.

Muuza kahawa sasa inabidi avuke njia kuniletea changu, na anavuka akishawahudumia wa mezani wote. Kikombe kinanifikia kimepoa.